Tarakimu Huegemea Kulia

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa msimamizi wa chumba chenye meza nne na makarani watatu, katika nyumba ya zamani ya mawe pale Dunda, Bagamoyo. Serikali ilitaka kujua mwambao wetu una minazi mingapi. Wadadisi walikuwa wameshapita nyumba kwa nyumba, kuanzia Kaole hadi Mapinga, wakauliza na kuandika majibu kwa penseli kwenye madaftari yao. Kazi yetu ilikuwa kuyanakili majibu hayo kwenye karatasi kubwa zilizochorwa visanduku. Kila mstari ulikuwa kaya moja, na kila safu jambo moja: minazi inayozaa, minazi michanga, nazi zilizoanguliwa katika mchumo uliopita. Kila safu ilikuwa na visanduku vinne, na kila kisanduku kilipokea tarakimu moja.

Karatasi zikijaa tulizipeleka Dar es Salaam. Huko wasichana walizihamishia kwenye kadi kwa kutoboa vitundu, kisha kadi zikalishwa mashine. Mashine ndiyo iliyojumlisha, na ndiyo iliyochapa majedwali. Hatukuwa tukiiita kompyuta siku hizo. Tulisema mashine tu, kama watu wanavyosema bahari bila kuitajia jina, na katika chumba chetu hakuna aliyekuwa ameiona.

Nilipewa usimamizi kwa sababu nilikuwa na kidato cha nne. Naandika hivi bila kujisifu, maana cheti hicho ndicho kilichonipoteza. Nilikuwa kijana niliyeamini kwamba kitu nilichofundishwa shuleni kimeshathibitishwa, na kwamba kitu ambacho sikufundishwa hakina umuhimu.

Mmoja wa makarani wale alikuwa rafiki yangu tangu utotoni. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukakaa kwenye jamvi moja, tukachapwa kwa bakora moja. Baadaye mimi nilipelekwa shule ya sekondari. Yeye baba yake alifariki, akabaki kwenye duka la babu yake akiandika hesabu za mbata, yaani zile nazi zilizokaushwa kwa ajili ya kukamuliwa mafuta. Aliziandika kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia, kama babu yake alivyokuwa akifanya na baba wa babu yake kabla yake. Alikuwa mtu wa kujipenda kidogo: shati jeupe lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni ingawa moja haikuwa na wino, na mdomo usiokaa kimya. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wetu sote.

Makarani wote watatu walikuwa vibarua. Tulikuwa tumeambiwa kwamba kazi ikiisha mmoja wao ataajiriwa moja kwa moja, na kwamba pendekezo litatoka kwangu. Kila mtu alijua nitamtaja nani, na yeye alijua kuliko wote. Alikuwa amepeleka posa katika nyumba moja ya mji mkongwe. Baba wa binti alikwisha fariki, na aliyesimama mahali pake alikuwa baba yake mkubwa, mfanyabiashara wa mbao na boriti, mtu mpole wa kusema polepole. Alijibu hivi: "Kijana simkatai. Nataka kwanza nione kazi yake imesimama." Basi tukawa tunangoja kazi isimame.

Kabla hatujaanza kunakili, alikuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam kutufundisha. Alikaa nasi asubuhi moja, akiwa na haraka ya kurudi. Alichora visanduku vinne ubaoni, akatupa mfano wa shamba kubwa lenye minazi elfu moja mia mbili na hamsini, akajaza visanduku vyote vinne, akauliza kama tumeelewa. Tulisema tumeelewa. Hakuna aliyeuliza mtu mwenye minazi kumi na miwili aandikwe wapi ndani ya visanduku vinne, na watu wa namna hiyo ndio waliokuwa wengi.

Bwana yule alipoondoka, swali hilo nililijibu mwenyewe. Nilisema kila namba ianzie kisanduku cha kwanza cha kushoto, na visanduku vitakavyobaki viachwe wazi. Shuleni nilikuwa nimechapwa sana kwa sababu ya pambizo. Kwangu mimi ukurasa mzuri ulikuwa ule ambao ukingo wake wa kushoto umenyooka kama uzi. Makarani wawili walifuata. Rafiki yangu hakufuata. Yeye alianza na kisanduku cha mwisho cha kulia, akaandika mbili, kisha akasogea kushoto akaandika moja. Ukitazama ukurasa wake, upande wa kushoto ulikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeota meno.

"Andika kama watu wanavyoandika," nilimwambia.

"Watu gani, mkubwa? Babu yangu naye si watu?"

"Tazama ukurasa wangu ulivyonyooka."

Aliinuka, akaja, akautazama kwa muda mrefu huku mikono iko nyuma, kama mkaguzi. "Umenyooka kweli. Lakini hata askari kwenye gwaride hujipanga kwa kulia. Nenda kituo cha polisi ukawaambie wamekosea."

Wenzetu walicheka. Mimi nilicheka kidogo tu.

"Mkono wangu unaanza na kilicho kidogo," akasema alipoona sicheki sawasawa. "Mbili, halafu kumi. Ndivyo ulivyozoea."

"Hiyo ni dukani. Hapa ni ofisini."

"Haya, bwana ofisi."

Alijaribu kwa siku mbili tatu kuandika nilivyotaka, akawa mzito na akachafua karatasi kwa kufuta, kisha mkono ukarudi kwenye mazoea yake. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu kazi ya Kaole, aliyokuwa amekabidhiwa, ilikuwa ikienda haraka kuliko ya vijiji vingine vyote.

Baada ya miezi kadhaa jedwali la kwanza lilirudi kutoka Dar es Salaam. Lilikuwa limechapwa kwenye karatasi pana ya kukunjika, yenye matundu pembeni. Tuliizunguka meza wote wanne kulitazama. Majina ya vijiji yalikuwa yamejipanga kushoto na hesabu kulia, safi, bila kufutwafutwa. Nakumbuka nilijisikia kama niliyelichapa mimi. Kila kijiji kilikuwa na minazi mingi ajabu, isipokuwa Kaole. Kaole, ambako huwezi kutoka nje ya nyumba bila kusimama chini ya mnazi, ilionekana ina minazi michache kuliko vijiji vyote. Pamoja na jedwali kulikuwa na barua fupi: Kaole imetofautiana mno na kwingine, msimamizi achunguze na aeleze sababu.

Kutoka Dunda hadi Kaole si mbali. Ningeweza kupanda baiskeli, nikahesabu shamba moja tu kwa macho yangu, nikarudi kabla ya chakula cha mchana. Ningeweza hata kufikiri kwamba si Kaole iliyopungua bali kwingine ndiko kulikozidi. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilifungua kabati, nikatoa karatasi za Kaole zilizorudishwa pamoja na jedwali, nikaona yale mapengo ya kushoto, nikaridhika kwamba nimepata sababu. Mkono mmoja tu ulikuwa umeandika tofauti na mingine, na kijiji kimoja tu kilikuwa kimetoka tofauti na vingine. Niliona hayo mawili yanatosha.

Nilimwita mbele ya wenzake.

"Uliambiwa usiandike hivi?"

"Niliambiwa."

"Na ukaandika."

"Nikaandika. Lakini daftari la mdadisi linasema kumi na miwili, na hapo pana kumi na mbili. Nionyeshe kosa liko wapi, nilisahihishe."

Sikuweza kumwonyesha. Nilikuwa nimeliona kosa bila kulielewa, na mtu akiwa katika hali hiyo hukasirika. Nilimwambia kosa lake ni ukaidi. Siku hiyo hiyo nikaandika maelezo kwamba karani wa Kaole alikataa maagizo kwa ukaidi, na kwamba karatasi zake zinanakiliwa upya. Hakupewa ajira. Mwisho wa mwezi hata kibarua chake kilisimamishwa. Alipokuwa akitoka alichomoa kalamu zote mbili mfukoni, akaiacha mezani ile yenye wino, kwa kuwa ilikuwa ya ofisi.

Bagamoyo ni mji mdogo. Neno lile, mkaidi, lilitoka chumbani kwetu likafika kwenye baraza ya baba mkubwa wa binti kabla sijafika nyumbani kwangu. Baba mkubwa hakuikataa posa. Alisema tu kwamba ameambiwa jambo, na kwamba atangoja alielewe.

Tulizinakili upya karatasi za Kaole, ukingo wa kushoto ukinyooka, nami nikazipeleka Dar es Salaam mwenyewe. Nilizichukua na zile za zamani ili niwe na ushahidi. Ofisini kule nilipokewa na mwanamke kijana aliyekuwa ndiye mwenye kuiandikia mashine maagizo yake. Alikuwa amesomea kazi hiyo ng'ambo. Alikuwa mchangamfu, hana makuu, na alizungumza Kiswahili cha Tanga.

"Karibu, kaka. Ninyi ndio wenye minazi mingi kuliko dunia nzima?"

Nilimwekea mezani mafungu mawili, nikaanza kumweleza habari ya karani mkaidi. Alinisikiliza huku akifunua kurasa. Kisha akachukua rula, akaiweka wima juu ya ukurasa wangu mpya, akaiweka tena juu ya ukurasa wa zamani, akaanza kucheka. Hakucheka kwa ubaya.

"Kaka, umenitolea zilizo sawa ukaniletea zilizoharibika."

Nilimwambia sijamwelewa.

"Nisomee hapa." Aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa ukurasa wangu.

"Kumi na miwili."

"Wewe unasoma kumi na miwili kwa sababu una akili. Mashine haina. Mashine inaona visanduku vinne: moja, mbili, tupu, tupu. Na kisanduku kitupu yenyewe inakisoma sifuri. Sasa soma tena."

Nikasoma. Elfu moja na mia mbili.

"Kisanduku cha mwisho ni cha mamoja," akasema. "Kinachofuata cha makumi, kisha mamia, kisha maelfu. Hivyo ndivyo walivyotufundisha darasa la pili, sivyo? Namba inasimama kwa mguu wake wa kulia. Ukiisogeza kushoto umeshaibadilisha."

Alinionyesha pia upande wa pili wa kazi, yaani namna jedwali linavyotoka. Kumbe mashine haijui kwamba majina hukaa kushoto na hesabu hukaa kulia. Alikuwa akiiambia yeye, safu moja baada ya nyingine: hii ni ya majina, iegemeze kushoto, hii ni ya hesabu nzima, iegemeze kulia, hii ina nukta ya desimali, ipange kwa nukta, vyovyote namba zitakavyokuwa na urefu. Akisahau safu moja, ukurasa mzima unasema uongo, ijapokuwa kila tarakimu iliyomo ni ya kweli. Nimefanya kazi ya majedwali maisha yangu yote baada ya siku ile, kwa mkono, kwa taipureta na hatimaye kwa kompyuta za mezani, na sijawahi kukutana na maelezo yaliyo wazi zaidi. Nimewafundisha vijana wengi kwa maneno yake. Hawakujua niliyapata kwa njia gani.

Alipomaliza aliliinua lile fungu la zamani la Kaole.

"Huyu aliyeandika hizi ni nani? Watu wa mikoa yote wananitesa, huyu peke yake hajakosea hata mstari. Nipeni mimi, nimlete hapa Dar."

Nilimjibu, "Ameshaondoka. Amepata shughuli nyingine."

Sikulazimishwa kusema hivyo. Hakunibana wala hakunitazama kwa jicho la kunishuku. Jibu lilitoka lenyewe, laini, kama jibu la salamu. Akasema, "Basi bahati yake," akageukia kadi zake.

Niliporudi Bagamoyo niliwaambia makarani wawili waliobaki kwamba tunaanza upya, vijiji vyote isipokuwa Kaole. Walitazamana, kisha wakayafungua madaftari. Nikaandika kwa wakubwa wangu kuomba rafiki yangu arudishwe na apewe ajira ile. Jibu lilikuja kwamba nafasi imeshajazwa na mtu kutoka kwingine. Basi nikaenda kwa mama wa rafiki yangu.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Umetuhama siku hizi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzako yuko uani, anafua nazi. Mpitie huko huko."

Alikuwa amevua shati, akizipiga nazi kwenye ncha ya mti uliochomekwa ardhini na kuzichuna makumbi. Hakusimama aliponiona.

"Bwana ofisi. Umekuja kunyoosha ukingo wa nazi?"

Nilimweleza yote. Nilimweleza habari ya visanduku vitupu, ya elfu moja na mia mbili, na kwamba karatasi zake ndizo zilizokuwa sawa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Nilimwambia pia habari ya barua niliyoandika na jibu lililokuja. Kwamba alikuwa ametakiwa Dar es Salaam, hilo sikumwambia siku ile. Alizichuna nazi nyingine mbili.

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea."

"Wala sikujua kama nimepatia. Niliandika tu." Akacheka kwa pumzi. "Haya. Kazi imekwenda, iache iende. Lakini kuna mzee mmoja mjini anaambiwa mimi ni mkaidi, na binti anaambiwa hivyo hivyo. Kwa hilo nataka unisaidie."

"Sema."

"Ijumaa baada ya alasiri wazee wanakaa pale barazani kwake. Twende pamoja. Useme kwa mdomo wako kama ulivyosema hapa. Usiongeze kitu wala usipunguze."

Nikamwahidi.

Ijumaa ile tulikwenda sote tukiwa na kanzu na kofia. Palikuwa na wazee sita pamoja na mwenyeji. Tulipewa mikono mmoja mmoja, tukaulizwa habari za nyumbani, za wazazi, za kazi, za afya, za mvua. Kahawa ikaja, na kashata. Mmoja wa wazee wale alikuwa amenifundisha kusoma, na mwingine alikuwa baba wa karani mmojawapo niliyekuwa nikimsimamia. Nilikuwa nimelitengeneza neno langu njiani, nalo lilikuwa fupi: kosa lilikuwa langu, huyu hakukosea. Mwenyeji alipogeuka kwangu akasema, "Tumesikia una jambo," nilifungua kinywa na nikasema hivi:

"Wazee wangu, kulitokea kutoelewana kidogo kule ofisini. Hayo yamekwisha. Huyu ni kijana mwema na mimi sina kinyongo naye hata kidogo."

Mtu asiye wa pwani pengine atadhani maneno hayo yalikuwa ya kumtetea. Wenyewe wa pale hawakuweza kuyasikia hivyo. Kwetu mtu mwenye cheo akisema kulikuwa na kutoelewana, ana maana aliye chini yake amekosa naye ameamua kumsitiri. Akisema hana kinyongo, ana maana alikuwa na haki ya kuwa nacho. Nimekulia katika baraza hizo. Nilijua neno langu litabebwa vipi kabla halijanitoka. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mwalimu wangu wa zamani akasema, "Mashallah." Mwenyeji akanishika goti.

"Umefanya uungwana, mwanangu. Wengine wangemwanika."

Rafiki yangu alikuwa ameinama akikitazama kikombe chake. Angesema nini? Angeanza kujieleza, angekuwa anabishana mbele ya wazee na mtu ambaye amekwisha msamehe, na hapo ndipo angekuwa mkaidi kweli. Tulikunywa kahawa, tukaaga mmoja mmoja kama tulivyoingia.

Tulipopinda kona alisimama.

"Umenisamehe," akasema. "Mbele ya watu sita. Mimi niliyekuja kukusikia ukiomba radhi."

"Nitarudi kesho nimweleze."

"Kesho nenda ukanunue samaki," akasema, akashika njia yake.

Asubuhi yake nilikwenda. Nilimkuta baba mkubwa peke yake, akipima boriti uani. Nilimwambia wazi wazi, bila kuzungusha, kwamba kosa lilikuwa langu mwanzo hadi mwisho, na kwamba mwenzangu alifukuzwa kwa kufanya kazi sawa. Aliisikiliza habari yote, kamba ya kupimia ikiwa mkononi.

"Haya umeyajua lini?"

"Nilipokwenda Dar es Salaam."

"Kumbe jana ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Basi maneno ya jana uliyachagua." Aliyasema kwa upole, kama mtu anayethibitisha kipimo. "Leo alfajiri nimempelekea mama wa kijana jibu. Posa nimeirudisha, kwa heshima. Nilisema kama anayemtetea anamsitiri hivi, basi lililositiriwa ni kubwa."

Nilimwomba alifuate jibu lile alirudishe.

"Nikalirudishe kwa ushahidi gani? Jana ulikuwa na watu sita wa kukusikia, leo unaniambia mimi na mbao. Nikisema nimebadili mawazo, watasema binti ana haraka. Njoo Ijumaa uyaseme pale pale, wayasikie wale wale. Kisha tutaona."

Nilikwenda Ijumaa iliyofuata. Safari hii niliyasema yote kabla kahawa haijamiminwa, ili nisipate nafasi ya kulainika. Baba wa karani wangu aliuliza kosa lenyewe lilikuwaje, ikabidi nieleze mamoja na makumi mbele ya watu waliokuwa wakihesabu majahazi ya mbata kabla mimi sijazaliwa. Walielewa mara moja. Mwalimu wangu hakusema mashallah. Mwenyeji aliuliza mwenzangu yuko wapi, na mmoja wao akajibu kwamba tangu Jumatano ameondoka kwenda Pangani kwa mjomba wake, na mama yake hajui atarudi lini.

"Basi mtu amfuate," akasema mwenyeji. Wote wakanitazama.

Sikuweza kuondoka mara moja. Karatasi za vijiji vingine zilikuwa zinangojwa Dar es Salaam, na niliona ni lazima nizimalize kwanza. Hilo nalo ni langu. Zilipokwisha, na mashine ilipotoa jedwali jipya ambalo ndani yake Kaole ilikuwa na minazi mingi kama inavyostahili, nilipata ruhusa nikaenda Pangani kwa kuzunguka Tanga. Nilimkuta kwenye ghala la mjomba wake, karibu na mto, akipima magunia kwenye mizani. Alikuwa amenyoa kichwa, na shati lake halikuwa limepigwa pasi.

Nilimwambia nimesema yote barazani, mbele ya wale wale.

"Wamesikia?"

"Wamesikia wote."

"Wakaelewa?"

"Wakaelewa."

"Na binti?"

Nilikuwa nimeomba njia nzima asiniulize hilo. Nikamwambia kwamba wiki mbili zilizopita kumekuja posa kutoka Unguja, na imepokelewa. Nikamwambia vile vile, kwa kuwa sikutaka kubakiza kitu tena, kwamba yule mwanamke wa Dar es Salaam alikuwa amemtaka, na nilivyomjibu.

Alilishusha gunia kutoka kwenye mizani, akaliegemeza ukutani, akajifuta mikono.

"Kwa hiyo umetoka Bagamoyo mpaka hapa," akasema, "ili wewe upumue."

Ndivyo ilivyokuwa. Alinitazama kidogo, kisha akamwita mtu upande wa pili wa ghala alete chai, maana nilikuwa mgeni na nilikuwa nimetoka mbali. Akanivutia kigoda nikae. Chai ilipofika aliniwekea sukari mwenyewe, akarudi kwenye magunia yake, nami nikainywa peke yangu.